Tulikwenda Kuvua Samaki, Tukavua Meno

Mliokuwa nami juma lililopita mliniacha nimekaa mbele ya taipu, napiga barua ya kunihamisha mimi mwenyewe. Kwa aliyechelewa nitasema kwa ufupi, kisha tuondoke, maana chombo kinangoja na mvua haingoji.

Jina langu Wanyama. Ni karani wa taipu katika ofisi moja hapa kisiwani Amu. Mke wangu Rosebella wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minane. Mkuu wetu, mtu wa bara, aliitwa Bwana Douglas, na huyo ndiye niliyemfungia stoo kutoka saa tano mpaka saa tisa, nikidhani anayegonga mlango ni paka.

Paka hagongi mara tatu kisha akakuita kwa jina. Najua. Nimeshaambiwa.

Siku ya pili Bwana Douglas akanipa maneno niyapige: karani Wanyama ahamie Kiunga mara moja. Nikayapiga. Nikakosea herufi mbili, akanirudishia nipige upya. Mwaka huo wa sitini na sita, kwa ajili ya mashifta, wale waasi wenye bunduki kule mpakani, safari ya Kiunga ilikuwa ya kuandika wasia kwanza. Na Rosebella alisema wazi: "Mimi Kiunga siendi na tumbo hili. Ukienda wewe, mtoto atakujua kwa picha."

Barua ingetiwa sahihi Jumatatu, mara tu baada ya Bwana Douglas kumpokea mgeni mkubwa kutoka Mombasa na kumsomea hotuba ya kurasa sita. Hotuba hiyo pia niliipiga mimi.

Ndipo Abdulhalim, karani mwenzangu, mtu wa Mkomani asiyekosa shauri hata usipomwomba, aliponivuta kando.

"Mpeleke kuvua," akasema.

"Nani?"

"Mkuu. Mtu mliyeloa naye chombo kimoja humwandikii barua."

"Abdulhalim, mimi ni mtu wa mlimani. Sijui kuvua."

"Wewe huvui. Mselem atavua. Kazi yako ni kumsifu."

Nami nikakubali. Hapo ndipo mkosi wa juma hili ulipoanzia.

*

Bwana Douglas alipoambiwa habari ya kuvua, aliinuka kitini.

"Kuvua! Mimi nimevua Ziwa Naivasha na Wazungu! Jumamosi, saa moja, msichelewe."

Jumamosi saa moja tulikuwa ufuoni upande wa Wiyoni, mtaa wangu. Ulikuwa mwezi wa saba, kusi limekaza, na manyunyu yalianza kabla hatujasalimiana. Baridi ilikuwa ile ya kuingia kwenye masikio ikatokea magotini.

Mselem, mvuvi wa Pate, alikuwa ameshika dau lake kwa mkono mmoja kama mtu aliyeshika punda. Bwana Douglas akaja amevaa koti la mvua, tai nyekundu, na viatu vya ofisini. Mkononi ana fimbo ndefu ya kuvulia, na mwisho wa fimbo kuna ndoana iliyofungwa manyoya.

Mselem akayatazama manyoya.

"Na kuku huyu avua nini?"

"Si kuku. Samaki akiona manyoya hudhani ni nzi."

"Samaki wa huku hawayui nzi, Bwana. Wayua kamba." Kisha akaangalia juu. "Na wingu lile si la kuteka nalo."

"Kuteka? Kwani wingu ni kisima?" Bwana Douglas akakunja uso. "Ni *kucheka*! Miezi kumi na minane niko hapa nawafundisha. Nchi, si nti. Njia, si ndia. Semeni Kiswahili safi!"

Mselem alikuwa mtu wa kuweka maneno kama wengine wanavyoweka akiba. Akatusaidia kupanda, akatweka tanga.

Mimi nikakumbuka kazi yangu.

"Fimbo nzuri sana hiyo, Bwana," nikasema.

"Umeikalia," akasema Bwana Douglas.

*

Tuliingia mkondo wa kwenda kijiji cha Matondoni, mikoko huku na huku. Hapo mvua ikaacha mchezo. Haikuwa ikinyesha, ilikuwa ikimwagwa. Mawimbi yakaanza kutupokezana, na maji yakajaa chomboni mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Kumba mai!" Mselem akaniambia, akanirushia kopo la maziwa ya unga.

Nikainama, nikachota, nikamwaga. Nikachota, nikamwaga. Nyuma yangu Bwana Douglas akaanza kupiga kite. Mara ya kwanza alitapika ndani ya chombo. Mara ya pili akawahi ukingo, akainamia baharini, akabaki huko.

"Naivasha hakuna mawimbi haya," Abdulhalim akanong'ona.

"Nyamaza."

Nikachota tena. Safari hii kitu kikagonga ndani ya kopo: *kach*.

Nikatazama. Kitu cheupe, chekundu pembeni, kinateleza ndani ya maji machafu. Nikadhani kaa. Sasa lazima niwaambie ukweli mmoja kuhusu mimi: simba namwogopa, lakini kaa namwogopa zaidi. Sikufikiri. Nikakirusha kile kitu pamoja na maji yake, mbali kadiri ya nguvu zangu, kuelekea kwenye wando, yaani ule uzio wa miti ambao wavuvi huutega kunasia samaki.

Kikageuka hewani. Nikakiona vizuri.

Yalikuwa meno. Safu nzima ya juu, na ufizi wake. Yalinichekea mara moja, yakaingia majini bila hata kurusha maji.

Nikaganda na kopo mkononi. Dau likaendelea mbele. Wando ukabaki nyuma. Nikajiambia: Wanyama, hukuona. Hayo yalikuwa kombe.

Tulikuwa tumeshaenda mbali kidogo, pengine hatua mia, Bwana Douglas alipojiinua. Amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Macho yamemtoka.

"Ngoyeni!" akasema. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani kama ya mtu anayenyonya embe. "Ngoyeni! Meno yangu!"

"Meno, Bwana?"

"Yameingia maini!"

Abdulhalim akashtuka kweli. "Kwenye ini, Bwana? Umeyameza?"

"Maini! Ndani ya mai!"

Mselem akauacha usukani. Uso ule ambao tangu asubuhi ulikuwa umefungwa kama duka la Ijumaa, ukafunguka wote.

"Mashallah," akasema polepole. "Leo Bwana asema vyema."

*

Hakuna mtu ofisini aliyejua kwamba meno ya juu ya Bwana Douglas ni ya kubandika. Nasi tuliojua sasa hatukujua pa kuweka macho. Abdulhalim aliangalia tanga. Mimi niliangalia kopo.

"Tia nanga hapa," Bwana Douglas akaamuru. "Nilitapika upande huu. Yako hapa tini."

"Bwana," nikasema, na sauti yangu haikuwa yangu, "pengine yalianguka kule nyuma. Karibu na wando."

"Umeyuaye?"

"Nahisi tu."

"Karani hahisi. Karani hupiga taipu."

Ningeweza kusema hapo hapo. Maneno yalikuwa mafupi: Bwana, ni mimi. Lakini niliiona ile barua, nikamwona Rosebella, nikauona mkono wa Bwana Douglas ukitafuta kalamu. Nikameza mate, na maneno yakaenda nayo.

Mselem akatia nanga. Akasema maji yatakupwa saa nane, na yakipwa mahali pale hubaki tope tupu, mtu akatembea. Basi tukangoja. Saa nne nzima, watu wanne chini ya turubai lenye matundu saba. Niliyahesabu. Saba yote yalikuwa juu yangu.

Mahamri ya Abdulhalim yalikuwa yamegeuka uji. Bwana Douglas peke yake ndiye aliyeweza kuyafurahia.

"Nina ndaa," alisema akichota kwa vidole.

Mselem akamsogezea mengine kwa heshima ambayo sijamwona akimpa mtu.

Katikati ya kungoja huko, fimbo ya Naivasha, iliyosahauliwa ukingoni, ikapinda yenyewe. Tukaivuta wote. Akatoka chewa mnene mwenye madoa, mdomo wazi, manyoya ya kuku yametokeza kwenye meno yake.

"Tewa!" Bwana Douglas akapiga kelele. "Tewa mkubwa!"

"Hata samaki amemwita kwa ina lake," Mselem akaniambia pembeni.

Bwana Douglas akamtazama yule samaki kwa furaha, kisha furaha ikamtoka. Akagusa ufizi wake.

"Ya kwangu yalivundwa," akasema. Hakuna aliyemwuliza. "Mwaka wa hamsini na tano. Kambini, nilikofungwa. Askari mmoya, kwa kitako ta bunduki. Nilikaa miaka saba bila meno. Mke wangu akauza ng'ombe wake wawili nipate haya. Mwaka uliofuata akafa."

Mvua ilipiga turubai.

"Ndiyo maana nayatafuta," akasema. "Si kwa ayili ya hotuba peke yake."

Jamani, mimi nimefiwa, nimeungua, na punda wa Mkomani amenipiga teke. Lakini sijapata kujisikia kama nilivyojisikia chini ya turubai lile.

*

Saa nane maji yalikupwa. Tukashuka. Tope likatupokea mpaka magotini, na kiatu kimoja cha Bwana Douglas hakikurudi tena duniani.

Tukatambaa. Mkuu wa ofisi, makarani wawili, na mvuvi, kwa magoti na viganja, katika mvua, tukipapasa tope shibiri kwa shibiri mahali ambapo mimi nilijua kwa yakini kwamba hakuna jino hata moja.

"Miaka thalathini navua," Mselem akasema. "Siyapata kuambiwa nivue meno."

Kila nilipojaribu kutambaa kuelekea kwenye wando, Bwana Douglas aliniita.

"Wanyama! Ndoo hapa! Wapotea ndia!"

Wakata boriti waliokuwa mikokoni wakatuona. Mmoja akauliza kutoka mbali: "Mwatafuta nini?"

"Meno," Mselem akajibu.

Wakatazamana, wakaondoka kwa haraka. Nikadhani wametuogopa. Kumbe wamekwenda kutangaza. Kabla ya Alasiri nusu ya Matondoni ilikuwa ufuoni, kila mtu na alichokipata nyumbani. Mmoja ameleta taya la punda. Mwingine meno ya papa, yamefungwa kwenye kitambaa. Bwana mmoja mzee kabisa alikuja mikono mitupu, akafungua kinywa, akaonyesha jino moja la mbele.

"Likimfaa," akasema, "na alitwae. Mimi sili nyama tena."

Bwana Douglas alisimama topeni, tai imemlowa kifuani. Nikangoja afoke. Nilizoea kufoka kwake, ningekupigia taipu bila kukosea.

Hakufoka. Mabega yake yakaanza kutikisika. Akacheka. Akacheka mpaka akashika magoti, ufizi wote nje, na Matondoni nzima ikacheka naye.

"Nateka," akasema akifuta machozi. "Wanyama, nateka!"

*

Alikataa kurudi mjini. "Amu hawataniona hivi," akasema. Basi tukalala Matondoni, kwa Bi Umulkheir, mjane mwenye nyumba kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Alimvua Bwana Douglas nguo zilizolowa kwa amri tu, kama mama, akampa kikoi na kofia ya marehemu mumewe. Samaki akampika kwa nazi mpaka akawa laini kama ndizi.

Jumapili kulikucha kwa mvua ile ile. Lakini barazani kwa Bi Umulkheir palijaa watu. Habari ilikuwa imezunguka kwamba mkuu wa bara aliyekuwa akiwakemea watu kwa ulimi wao, sasa asema Kiamu kama mzaliwa.

Wakaja kusikiliza.

"Mato yenu mazima?" akawaamkia, yaani macho yao.

"Mazima, Bwana! Na yako?"

"Nti yenu ni nzuri. Ndia yenu ndiyo mbaya."

Wakapiga makofi. Wakamweleza habari ya ile njia, inavyokatika kila masika. Wakamweleza kisima kilichoingia maji ya chumvi. Mambo ambayo kwa miezi kumi na minane hakuna mtu aliyemletea ofisini, kwa kuwa kila aliyefungua mdomo alisahihishwa. Bwana Douglas akasikiliza, kofia ya marehemu imemkaa upande, akinywa uji wa tangawizi.

"Wameniteka wote," akaniambia baadaye. Nilingoja nijue ametekwa au amechekwa. "Watu hawa hawayapata kuteka nami. Ofisini wananiogopa. Kwa nini wananiogopa, Wanyama?"

"Sijui, Bwana."

"Wewe waniogopa?"

"Sana, Bwana."

Akanitazama. Magoti yangu yalikuwa yamechubuka, kucha zimejaa tope jeusi.

"Tangu yana unatambaa kwa ayili ya meno yangu," akasema. "Abdulhalim amepumzika mara tano. Wewe hata moya. Mtu anayetafuta meno ya mwenziwe kama yake si mtu wa kupelekwa Kiunga. Ile barua nitaitoma moto."

Abdulhalim akanipiga kofi la mgongoni. "Sikukwambia?"

Hilo ndilo nililolitaka. Ndilo nililolijia. Rosebella angezalia Wiyoni, mtoto angeniona uso.

Mbona basi sikufurahi?

Nikasema naenda kujisaidia. Nikatoka, nikafuata ufuo, maji yalikuwa yanakupwa tena. Nikaenda peke yangu mpaka kwenye wando, nikapiga magoti, nikaanza kupapasa. Sikuomba kwa maneno, niliomba kwa meno yangu mwenyewe yaliyokuwa yakigongana kwa baridi. Mara kaa akanibana kidole. Sikumwachia hata ukelele. Nikamwondoa kwa mkono mwingine, nikaendelea.

Yalikuwa chini ya mti wa tatu wa wando. Yamekaa juu ya tope, safi, yananichekea kama tulivyoachana.

Nikayaosha, nikayatia mfukoni, nikakimbia. Njiani nikapanga uongo mzuri: nimeyaokota ufuoni, yameletwa na maji. Uongo ulikuwa umekamilika, nimeutia mpaka nukta, nilipofika nyumbani kwa Bi Umulkheir na kuona bunduki tatu.

*

"Na huyu ndiye wa nne!" koplo akasema. "Mikono juu!"

Walikuwa askari watatu waliotoka Amu kwa miguu, wamelowa mpaka kwenye soksi. Wageni, wamehamishwa kutoka Malindi juma lile. Koplo wao aliitwa Kamau. Watu wa baraza wamesukumwa ukutani. Mselem, Abdulhalim na Bwana Douglas wamekalishwa chini mvuani.

"Mmezifukia wapi?" koplo akaniuliza.

"Nini, Afande?"

"Bunduki! Tumepata habari mjini. Watu wanne, tangu jana, wanatambaa topeni, wanachimba, wanafukia. Silaha za mashifta ziko wapi?"

"Afande, tulikuwa tukitafuta meno," Abdulhalim akasema.

"Meno ya bunduki?"

"Ya mtu!"

"Mmemwua nani?"

Bwana Douglas akasimama. Kikoi kimemshuka, akakipandisha. Akajikaza kama anavyojikaza ofisini.

"Koplo. Mimi ni Bwana Douglas, mkuu wa ofisi. Ndoo hapa."

Koplo Kamau akamtazama kuanzia kofia mpaka mguu usio na kiatu. Kisha akawageukia wenzake.

"Mnamsikia mzee huyu wa Pate? Bwana Douglas ni mtu wa bara kama mimi. Nilimwona kwa mbali Ijumaa, ana tai, ana meno meupe hivi. Wewe husemi hata 'njoo'!"

"Ni yeye!" Bi Umulkheir akapiga kelele kutoka dirishani. "Ni Bwana Douglas wetu!"

Hilo likazidi kuharibu. "Wetu?" koplo akasema. "Basi ni mtu wenu. Mfungeni huyu kwanza. Ndiye mkubwa wao."

Askari mmoja akatoa pingu.

Nikamwona Bwana Douglas akiziangalia zile pingu. Midomo yake ikaingia ndani, uso ukazeeka mbele yangu, na mikono yake ikatoka mbele bila kuamriwa. Ile mikono ilikuwa inajua namna ya kusimama ili kufungwa.

Sikuwaza uongo wangu. Sikuwaza Kiunga. Nikauingiza mkono mfukoni.

"Usiguse mfuko!" koplo akapiga kelele, bunduki ikaniangalia.

Nikautoa taratibu, nikafungua kiganja. Meno yakang'aa mvuani.

Askari mwenye pingu akarudi hatua moja nyuma.

Bwana Douglas akayachukua kutoka kiganjani mwangu kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota kinda la ndege. Akayafuta kwa pembe ya kikoi. Akatugeuzia mgongo. Alipotugeukia tena, mashavu yamejaa, kidevu kimesimama, na hata mimi nilinyoosha mgongo bila kuambiwa.

"Koplo," akasema, kila herufi mahali pake. "Taja namba yako."

Pingu zikaanguka. Visigino sita vikagongana topeni, tope likaturukia sote.

"Afande! Samahani, Afande! Sikujua, Afande!"

Lakini Bwana Douglas hakuwa akimtazama koplo. Alikuwa akinitazama mimi.

"Wanyama. Umeyapata wapi?"

"Ku... kule kwenye wando, Bwana."

"Kwenye wando hatukutafuta hata mara moja."

"Ndiyo, Bwana."

"Jana ulisema wahisi yako huko."

"Ndiyo, Bwana."

"Ulijuaje?"

Uongo wangu ule mzuri nikautafuta, nisiuone. Nikasikia pumzi karibu na sikio langu. Mselem alikuwa amesimama nyuma yangu, anasema chini chini, hata midomo haimwendi.

"Sema wewe, au nitasema mimi. Nalikuona yana uchiyatupa. Nalinyamaza nipate kuona iwapo u mtu."

Nikamwangalia Abdulhalim. Abdulhalim, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na shauri.

"Bwana," nikasema, "jana asubuhi, nilipokuwa nikikumba maji..."

Bwana Douglas akainua mkono.

"Ngoja."

Nikangoja. Akakaa kwenye ukingo wa baraza, akaivua kofia ya marehemu, akaiweka gotini. Kisha akamgeukia koplo, ambaye bado alikuwa ameganda kwa saluti, maji yakimchuruzika kiwikoni.

"Una kalamu?"

"Ninayo, Afande."

"Na karatasi kavu?"

"Ipo, Afande."

"Keti hapa karibu yangu. Andika kila neno." Akanitazama, na katika uso ule sikuweza kusoma hata herufi moja. "Haya, Wanyama. Anza tena. Polepole."

Nilichosema, na alichokiandika koplo, nitawaambia juma lijalo.